Hina ya Jumapili

Jumapili iliyopita nyumba yangu ilinuka hina kuanzia sebuleni mpaka kwa jirani wa tatu. Mama mdogo Zena, mdogo wake marehemu mama yangu, alifika asubuhi na beseni lake, akakoroga hina nyingi kiasi kwamba tungeweza kupaka meli ya abiria ubavu mzima na bado nahodha akabakiziwa ya kucha. Binti yangu anaolewa. Wasichana walijaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kila mmoja anataka apakwe yeye kwanza, na kicheko chao kingeweza kubandua bati.

Mimi ndiye mama wa bibi harusi, na anayenijua anajua kwamba kelele za mtaa huu nusu yake ni zangu. Lakini Zena aliponiambia, "Lete mkono, mama harusi, tuanze na wewe," nilimjibu nina chungu jikoni. Hakukuwa na chungu. Nilitoka uani, nikaikalia ndoo niliyoipindua, nikaanza kuokota chembe za mkaa ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Hina mbichi ina harufu ya majani yaliyolowekwa kwenye chai ya rangi na ndimu. Wengine ikiwafikia puani wanaona harusi. Mimi naona dagaa walioloa.

Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na watoto wanne, kwenye madarasa ya jioni, nimekaa kwenye dawati lililotengenezwa kwa mtoto wa darasa la pili, magoti yananigusa masikio. Nililipenda darasa lile kuliko harusi yangu mwenyewe. Siku moja tulipewa swali la Uraia: eleza jinsi mtu anavyojifunza maadili mema. Nikajaza kurasa mbili. Nikaandika familia, nikaandika dini, nikaandika shule na jamii, kila kimoja na aya yake. Mwalimu alinipa alama zote, akasoma majibu yangu mbele ya darasa zima, fundi seremala aliyekaa nyuma yangu akanipigia makofi mpaka vumbi la mbao likamtoka mikononi. Nilirudi nyumbani natembea kama mke wa waziri. Nilipofika kitandani ndipo nikaona kwamba katika kurasa zile mbili hamkuwa na dagaa hata mmoja, wala hina, wala rafiki yangu Shukuru. Majibu yalikuwa sahihi. Nilivyojifunza mimi sikuandika.

Tuliishi Bangwe, nyumba ya tatu kutoka ziwani, mimi na mama. Baba alikuwa mtu wa maboti ya ng'ambo, anakuja anaondoka, na akija tulikuwa tunamkaribisha kama mgeni wa serikali. Mama alikausha dagaa. Na mama alikuwa na sifa moja iliyojulikana mwalo mzima, pale ufukweni walipoanika dagaa: kwake mtoto hasemi uongo. Nyuma ya nyumba alipanda mpilipili mmoja, pilipili kichaa, kali sana. Kuku aliyeidonoa, nawaapia, angetaga yai lililokwisha kukaangwa. Ukisema uongo, mama anachuma moja, anaipasua kwa kucha, anakwambia toa ulimi. Hagombi. Hapigi. Anapaka tu, kisha anakaa na wewe mpaka uache kulia, anakupa maji, anasema, "Sasa umekwisha. Uongo umetoka." Mpaka nafika miaka tisa nilikuwa nimepakwa mara nne, na mara ya nne ilikuwa zamani. Wanawake wa mwaloni walikuwa wakibishana jambo, ni nani aliyemwaga maji, ni mbuzi wa nani aliyepita, wananiita mimi. "Muulizeni Rukia. Yule kwao uongo unalishwa pilipili." Nami nasema nilichoona, na bishano linaisha. Nilikuwa mtoto mwenye cheo. Hakimu mwenye kamasi.

Wenzangu mliokulia kando ya ziwa hamhitaji kuelezwa, ila kwa ajili ya wengine niseme. Mwalo wetu ulikuwa na sehemu mbili. Upande mmoja kulikuwa na kokoto, safi, zinazoshika joto; dagaa aliyeanikwa hapo anakauka kwa jua moja na kung'aa kama sindano. Upande wa pili ni mchanga. Dagaa wa mchangani anakaribishwa na meno ya mlaji kwa mlio, na mnunuzi akiona mchanga kwenye kiganja anapita kama hakukuona. Kwa hiyo kokotoni kila mwanamke alikuwa na kipande chake, kimepangiwa mawe pembeni, na kipande kile kilikuwa ndiyo heshima yake. Kilikuwa na sharti moja. Ijumaa, sisi tukienda kuswali, Wakristo walitulindia. Jumapili, wao wakienda kanisani, mmoja wetu alibaki kuwalindia: kufukuza kunguru, kugeuza, na wingu likitanda, kuanua. Anayeacha zamu anahama kokotoni, anakwenda mchangani. Hakukuwa na karatasi. Ilijulikana tu, kama inavyojulikana mlango wa kuingilia nyumbani kwako.

Kipande cha jirani yetu kilikuwa cha Mama Shukuru. Alikuwa ameteremka kutoka vilimani, upande wa Kasulu, mjane, Kiswahili chake kimejaa Kiha, na wanawake waliokulia Ujiji walikuwa wanamcheka akigeuka. Mama yangu hakumcheka. Mama ndiye aliyemwombea kile kipande cha kokoto. Binti yake, Shukuru, alikuwa wa umri wangu, mwembamba, mwenye mbio kuliko boti ya injini, na alikuwa rafiki yangu wa kula naye kwenye sahani moja.

Sasa hiyo Jumapili. Dada yake baba alikuwa anaolewa Ujiji Jumatatu yake. Nyumba ile ya Ujiji ilikuwa ya watu wa udi na mazulia, na mawifi wa mama walikuwa na mzaha wao mmoja, wamekaa nao miaka kumi bila kuuchoka. Mama akiingia, mmoja anasema, "Fungueni dirisha, wifi yetu wa dagaa amekuja." Mama anacheka nao. Njiani kurudi nilikuwa namwona ananusa viganja vyake, kimyakimya, kama mtu anayesoma barua.

Safari hii aliazimia. Alimpa fundi wa mtaa wa Mwanga kitambaa cha gauni, na akapanga na Zena ampake hina, mikono mpaka viwiko, miguu mpaka vifundo. Zena alikuwa amepanga chumba hatua ishirini juu ya mwalo. Tatizo ni kwamba Jumapili ile zamu ilikuwa ya mama. Angeweza kubadilishana, lakini Waislamu wote walikuwa Ujiji wakipika. Akasema haidhuru, atapakwa huku anachungulia mlangoni. Shukuru hakwenda kanisani siku ile, kandambili zake zilikuwa zimekatika, akabaki na mimi kufukuza kunguru. Jua lilikuwa linawaka kama limetukanwa.

Saa nne hivi mama alitokeza mlangoni. Mikono yake ilikuwa imejaa hina, imefungwa mifuko ya nailoni, ameinyanyua mbele ya kifua kama mtu anayetaka kupokea mtoto.

"Shukuru, mwanangu," alisema, "una mbio. Nikimbilie Mwanga kwa fundi, ukaniletee gauni. Mwambie la Mama Rukia."

"Na kunguru?"

"Rukia yupo. Na mimi nipo."

Shukuru akaondoka peku, anakimbia, anaimba.

Sisi wingu tulikuwa tumezoea kulitazamia ziwani. Siku hiyo lilitokea mgongoni, upande wa vilima, na nilipogeuka lilikuwa limekwisha kukaa juu ya mapaa. Nikapiga kelele. Mama akatokeza.

"Anza na wetu," alisema.

Nilichukua fagio, nikakusanya, nikajaza beseni, nikapeleka kibarazani kwa Zena, nikarudi, nikajaza. Sijawahi kufanya kazi kwa kasi ile; nadhani nilikuwa na mikono sita. Nikamaliza wetu. Mvua ilikuwa bado. Wingu lilisimama tu pale, linatungoja. Hilo ndilo ambalo sikuliweka kwenye hesabu mpaka nilipokuwa mtu mzima: mvua ile ilitupa muda. Mikono minne ingeanua mwalo mzima na kubakiza nafasi ya kukaa kunywa chai.

"Mama, na wa Mama Shukuru?"

Mama alitazama mikono yake. Zena, nyuma yake, alisema, "Ukitoa sasa itatoka rangi ya chungwa bichi. Na kesho ndiyo kesho."

"Mama, njoo."

"Itapita," mama alisema. "Hiyo si ya kwetu, ni ya Ujiji hiyo. Itapita."

Nikaanza peke yangu upande wa Mama Shukuru. Nilijaza beseni moja. Matone ya kwanza yaliponipiga mgongoni, makubwa kama vifungo vya koti, mama aliniita ndani nisije nikaugua. Tukasimama mlangoni watatu. Dagaa wa wanawake wanne walikuwa wanarukaruka juu ya kokoto kama wamepewa uhai mara ya pili, wengine wanateremka na maji kurudi ziwani. Nilimtazama mama usoni nione kama amekasirika na mvua. Alikuwa anaikaza mifuko ya nailoni kwa meno.

Shukuru alirudi mvua ikiwa inaishia. Ameloa mpaka ndani ya masikio, anatetemeka, lakini chini ya nguo yake, ameshikilia kwa mikono yote miwili, alikuwa na furushi la nailoni. Zena alilipokea mlangoni, akalifungua. Gauni lilikuwa kavu. Hata pindo halikuwa na tone.

"Nililala juu yake," Shukuru alisema, anacheka na meno yakigongana. "Ilipozidi nikalala chini, nikalifunika."

Mama akamwambia ahsante mwanangu. Zena akaliingiza gauni chumbani. Dakika chache baadaye wanawake walifika kutoka kanisani, wanakimbia, viatu mkononi.

Aliyetangulia alikuwa Mama Agripina, mkubwa wa kokotoni, mwenye sauti ambayo nadhani Wakongo ng'ambo walikuwa wanaiitikia. Dagaa wake walikuwa wengi kuliko wa wote. Alipita kwenye vipande vyote vinne kwanza, akiokota, akinusa, akitupa. Kisha akaja kibarazani, akayaona mabeseni yetu yaliyojaa, makavu.

"Mama Rukia," alisema, kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Zamu ilikuwa ya nani?"

"Yangu."

"Wako wamepona."

"Waliopona kaanua mtoto." Mama alinyanyua mikono ile iliyofungwa. "Mnaiona hali yangu. Niliwaweka watoto wawili, kila mmoja na upande wake. Huku Rukia, kule Shukuru. Nikawaambia wingu likitanda, anueni. Wangu alianua. Huyu mwingine nilipochungulia sikumwona."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilimtazama Zena. Zena alikuwa anakoroga beseni lililokuwa tupu.

"Mama Rukia alinituma kwa fundi," Shukuru alisema.

"Nilikutuma jana, mwanangu. Leo ulikwenda kuogelea. Tazama ulivyoloa."

"Ni leo."

Mama Shukuru alimshika mwanawe bega. "Mwana wanje, mwanangu, sema kweli. Watu wameharibikiwa."

"Ni leo, mama."

Mwanamke mmoja akasema basi aulizwe fundi. Mwingine akasema nani atapanda mpaka Mwanga kwa matope haya, kumuuliza mtu jambo la watoto. Ndipo Mama Agripina aliponigeukia. Aliinama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu. Naikumbuka harufu ya sabuni ya mawese kwenye gauni lake la kanisani.

"Wewe husemi uongo," aliniambia. "Mama yako kakulea. Shukuru alitumwa leo, au jana?"

Nilijua kabisa kilichokuwa mezani. Nikisema leo, kipande chetu kinakwenda, mama anahamia mchangani, na kesho mawifi wanapata mzaha wa miaka kumi mingine. Nikisema jana, ni wao. Mama hakunikonyeza, hakunikanya. Alinitazama tu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliona mama ananiomba kitu.

"Jana," nilisema.

Mama Agripina akanyooka. Bishano likaisha, kama kawaida.

Mama Shukuru alimpiga mwanawe hapohapo kokotoni, kwa kanga iliyolowa, mbele ya watu, kama mtu anayelipa faini ili aachiwe. Shukuru hakulia. Alikuwa ananitazama, bila hasira, kwa mshangao, kama vile nimeanza kuzungumza lugha asiyoijua. Mama yangu ndiye aliyesema, "Basi, mwache, ni mtoto." Kisha akaagiza Mama Shukuru apewe beseni moja la dagaa wetu wakavu. Mama Shukuru alipiga magoti kwenye maji, akapiga vikofi kwa taratibu, ndivyo wanavyoshukuru kwao, akapokea. Nikasikia mmoja anamwambia mwenzake, "Mama Rukia ana roho nzuri." Kesho yake kipande cha Mama Shukuru kilikuwa wazi, naye yuko mwisho wa mwalo, mchangani, anaanika.

Jioni ile hina ilikuwa bado mikononi, Zena alikuwa ameipaka mara ya pili ili ikolee, kwa hiyo mama hakuweza kujilisha. Nilimlisha mimi. Ugali wa muhogo na samaki, mgebuka wa kukaanga kwa mawese. Nilikuwa namega, nachovya, namtia mdomoni, na kila akifungua kinywa nilikuwa nasubiri aseme, "Sasa toa ulimi." Hakusema. Alikuwa anatafuna anatazama ukuta. Mwishoni akasema, "Kichwa kula wewe." Kichwa cha mgebuka nyumbani kwetu kililiwa na baba, akiwapo, na asipokuwapo kililiwa na mama.

Nilikula kichwa. Kisha nikaona jambo halijakamilika. Uongo ulikuwa umo ndani yangu na hakuna aliyeutoa. Nikafikiri mama hawezi kuchuma kwa sababu ya mikono, ananingoja mwenyewe. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikachuma tatu, maana uongo ulikuwa mkubwa, nikatia zote kinywani, nikatafuna.

Mama alinikuta nimekaa chini ya mpilipili, machozi na mate yanashindana.

"Nani kakwambia ule hizo?"

Nilitoa ulimi, nikamwonyesha.

"Tema." Alitaka kunishika taya, mifuko ya nailoni ikateleza usoni mwangu. "Nimesema tema, Rukia. Tema. Huu haukuwa wa pilipili."

Nikatema. Na mtoto, kama mjuavyo, anapenda sheria kuliko mwanasheria. Nilikaa pale ulimi unawaka nikaipanga upya sheria yetu ya nyumbani: kumbe upo uongo wa pilipili na upo uongo wa kichwa cha mgebuka. Wa kwanza unausema kwa ajili yako. Wa pili unausema kwa ajili ya mkubwa. Niliielewa vizuri sana. Nimeitumia kwa miaka mingi, nyumbani, sokoni, kwenye vikao vya shule za watoto wangu, na karibu kila mara imenilipa.

Harusini mama alipendeza mpaka watu walisahau bibi harusi alikuwa nani. Hina ilikuwa imekolea nyekundu ya damu ya ng'ombe. Mawifi walimshika mikono wakaigeuzageuza. "Wifi, leo unanukia," mmoja alimwambia, na mama akacheka, safari hii kicheko kilichofika machoni. Njiani kurudi hakunusa viganja. Nataka haki itendeke, kwa hiyo nasema hili pia: sijawahi kumwona na furaha kama ile, kabla wala baada.

Kisha nikapata wazo. Shukuru alikuwa hasemi nami tena, anapita mbali na beseni lake kwenda mchangani, na kila nikimwona ulimi unaniwasha upya. Nilikuwa nimeona hina inavyofifia viganjani mwa mama. Nikajiambia uongo umeingia na hina, utatoka na hina. Siku ikiisha yote, jambo limeisha, Shukuru atarudi. Viganja vilisafika baada ya majuma machache. Kucha hazikusafika. Ukucha una subira ya ajabu. Nilikuwa nazikagua kila asubuhi, wekundu unapanda, unapanda, mpaka ukabaki mwezi mwembamba kwenye ncha. Siku mama alipoukata wa mwisho kwa wembe, niliviokota vipande vyote, nikavifukia chini ya mpilipili, nikakimbia mwaloni kumwambia Shukuru tucheze.

Mchangani hapakuwa na mtu. Waliondoka jana yake, nikaambiwa, wamerudi vilimani. Dagaa wa mchanga walikuwa hawanunuliki. Shukuru alikuwa ameshaacha shule.

Mama hakunigusa tena na pilipili. Mpilipili ulikauka kwa kukosa maji, na sifa ikabaki. Mwaka juzi alipofariki, waombolezaji walijaa mpaka barabarani, na kila aliyesimama alisema lilelile: marehemu alikuwa mkweli, na aliyetaka ushahidi amtazame binti yake. Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Siku ya pili ya msiba akaingia mwanamke mwembamba, mrefu, na dumu la mawese kichwani. Nilimjua kwa namna alivyovua kandambili.

Nilimvuta jikoni. Niliandaa maneno miaka thelathini, yote yakanikimbia kama kuku.

"Shukuru. Mama hajambo?"

"Alishatangulia. Miaka sita sasa."

"Ile siku," nilisema. "Ya mvua."

Aliweka dumu chini, akajifuta shingo kwa ncha ya kanga. "Nilimwambia mama mpaka siku za mwisho," alisema. "Nilimwambia, mama, ilikuwa leo, nilitumwa. Hakuniamini. Aliniambia acha, mwanangu, nimeshakusamehe, lakini Rukia hasemi uongo."

Nikaanza kulia. Hakunizuia wala hakunibembeleza. Alinitazama kwa mshangao uleule.

"Mama yako nilimwelewa, nilipokua," alisema. "Alikuwa na harusi, alikuwa na mawifi. Wewe ulikuwa na nini, Rukia?"

Aliuliza kweli, anataka kujua. Kusema kichwa cha mgebuka nilishindwa. Akangoja kidogo, kisha akaenda kuketi na wafiwa.

Basi Jumapili iliyopita nikiwa pale uani, Zena alinifuata, amekuwa bibi sasa, viganja vimemkolea hina ya watu wengine. Akakaa kwenye kigoda.

"Mama yako naye hivyohivyo," alisema. "Tangu ile harusi ya Ujiji hakunipa mkono wake tena. Nilifikiri hina yangu ilimwasha."

Nilimtazama. Alikuwa anatazama mkaa.

"Labda ilimwasha," nilisema.

"Labda."

Mbingu ilikuwa imeanza kufunga, upande wa vilima. Jirani yangu, Mama Debora, alikuwa kanisani, na muhogo wake ameuanika juu ya turubai ng'ambo ya ua. Niliruka ua ule kwa mwili huu, na mwili huu si wa kuruka, nikakunja turubai, nikaburuta, nikarudi kuchukua ungo, nikaingiza yote chini ya paa lake. Mvua ilinikuta kwenye mzigo wa mwisho. Wasichana walikuwa wanachungulia dirishani na mikono yao iliyofungwa nailoni.

Mama Debora alirudi anakimbia, viatu mkononi. Akauona muhogo mkavu, akaniona mimi nachuruzika.

"Mama yako alikulea, Rukia," aliniambia. "Alikulea."

Binti yangu alikuwa dirishani, anasikiliza.

"Alinilea," nilisema.